Noah Iliyouzwa Machi

Nilijidhani fundi wa maneno
kwenye yadi ya Gwakisa, pale Mafiati:
magari kumi na tisa, kontena ndiyo ofisi,
jiko la mkaa chini ya meza mwezi wa Juni.
Kazi yangu, anayetafuta gari mtandaoni
atukute sisi kwanza, kabla ya watu wa Dar.

Nikaandika: magari Mbeya, magari bei nafuu Mbeya,
nunua gari Mbeya, gari zuri la Mbeya mjini Mbeya,
mara arobaini, herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe,
kama mganga anayefukia hirizi kizingitini
akiamini mwenye nyumba hatachimba.

Ile mashine ikachimba.
Macho haina, lakini nyeupe juu ya nyeupe inaiona.
Ikatutupa ukurasa wa tisa,
na ukurasa wa tisa, ndugu yangu, ni makaburi
ambayo hata mbuzi hawaendi kula majani yake.

Maelezo niliyanakili kwa wauzaji wa Yokohama,
yale yale yaliyonakiliwa na yadi mia:
"Gari lipo katika hali nzuri sana."
Nzuri kwa nani? Kwa barabara ipi?
Picha nikazipakia nzito kama lumbesa.
Mtu yuko Isyonje, mtandao unapepesa,
anasubiri bampa ifunguke,
taa ya kushoto, taa ya ku

bando limekwisha.

Hayo yote Gwakisa alinisamehe.
Biashara ni mvua, alisema, kuna mwaka inachelewa.

Kisha akaja Tweve wa Matamba.
Alitoka saa tisa usiku, sakitu juu ya majani,
akashuka kona hamsini na saba hadi Chimala
juu ya Fuso la viazi,
pesa za misimu mitatu ndani ya soksi,
soksi ndani ya buti.
Akanyoosha simu yenye kioo cha nyufa:
Noah, rangi ya fedha, milioni kumi na moja.
"Nimekuja kuichukua hii."

Hiyo tuliiuza Machi.
Iko Kyela, inabeba mchele na watoto wa mtu mwingine.
Sikuifuta kwa sababu picha yake ilivuta watu,
na kila aliyebofya aliinenepesha hesabu
niliyompelekea bosi Ijumaa.

Tweve hakupiga kelele.
Akaomba aonyeshwe tu mahali iliposimama.
Nikampeleka: doa la oili kwenye kokoto.
Akachuchumaa, akaligusa, akanusa kidole.
"Kumbe ilikuwa inavuja."
Kidogo, nikasema.
"Hilo hamkuandika."

Usiku ule nikafuta.
Mbeya ya kumi, Mbeya ya ishirini, Mbeya ya arobaini.
Nikaandika upya, vidole vimekufa ganzi,
kama ninavyoongea na shangazi Subilaga:

Corolla hii ya kijani ina mkwaruzo mlango wa kulia.
Mlima Nyoka inapanda na watu watano, bila kuomba maji.
Hita inafanya kazi. Redio haifanyi.
Oili inapungua nusu lita kwa mwezi.
Vitz hii usiipeleke Ilembo wakati wa masika.
Hii imeuzwa.
Hii imeuzwa.
Hii nayo imeuzwa, samahani.

Gwakisa akasoma, akavua kofia ya sufu, akaivaa tena.
"Unafukuza wateja," akasema.
Na miezi miwili simu ililala kweli.

Agosti, usiku, mtu fulani akaiuliza mashine
kwa maneno ya kinywani mwake:
gari lenye hita linalopanda mlima nyoka.
Mashine ikamleta kwetu. Mtu mmoja.
Akapiga asubuhi, akauliza habari za redio,
hakununua.

Namba ya Tweve nimeiandika kwa chaki ukutani mwa kontena.
Gari jipya likifika kutoka bandarini
wenzangu wanazunguka kutazama rangi.
Mimi nalala kifudifudi kwenye kokoto,
natazama uvunguni,
nangoja tone.